Bati Thelathini

Ukumbini Newala, mwezi wa pili, mvua inalipiga paa
hata kipaza sauti kikanyamaza kwa adabu.
Nikasimama mimi, afisa mipango, na karatasi zangu:
ukomo wa bajeti umeshuka. Tulichoomba ni kile,
tulichopewa ni hiki, na hiki ndicho cha kugawana.

Kata ishirini na mbili. Maboma ishirini na mbili,
kila moja limefika lenta kwa nguvu za wananchi,
kila moja lina diwani wake na koo lake.
Nilipendekeza tumalize matatu mwaka huu,
matatu mwakani, kwa zamu,
kama wanawake wachezavyo upatu:
huyu leo, yule kesho, na kila mmoja
siku yake anashika fungu zima.

"Matatu ya nani?" akauliza Mheshimiwa Nachipyangu,
na hapo upatu ukavunjika.
Tukagawa sawasawa, kama pilau la msibani:
kijiko kwako, kijiko kwake, hakuna aliyeshiba
na hakuna wa kumlaumu mpishi.
Bati thelathini kila kata.
Nikagonga mhuri. Makofi yalikuwa ya kweli.

Boma la Chitandu linataka mia na ishirini.

Nilikwenda Agosti ya mwaka uliofuata, mikorosho ina maua,
kukagua thamani ya fedha, ndivyo fomu inavyosema.
Nikamkuta Somoe Nankumbwa, mweka hazina wa kamati,
amekalia tofali la akiba, daftari mapajani.
Mbuzi alitoka chumba cha daktari bila haraka.
Chumba cha sindano, mbaazi zimefika kiunoni.
"Tumezipanda sisi," alisema. "Ardhi haipendi kukaa bure."

Nikamweleza habari za ukomo.
Alisikiliza mpaka mwisho, kisha:
"Huyu Ukomo, amewahi kufika huku?"
Sikujua kama ananitania.
"Maana sisi tulikatwa shilingi hamsini kila kilo,
misimu mitatu, palepale ghalani, hela hatujaishika.
Hakuna aliyetuambia kilo zetu zina ukomo."

Akanionyesha bati zilipo.
Walibishana usiku mzima, alisema:
ziezeke chumba cha dawa, ziezeke mapokezi;
yupo aliyetaka ziuzwe. Fundi Chinguile akapima kwa kamba
akasema zinatosha chumba kimoja na kibaraza.
Wanaume wakashikilia mapokezi, yaonekane barabarani.
Wanawake hawakubishana tena. Alfajiri walizibeba
wakazishusha chumba cha kujifungulia.
Na mfereji ukingoni, na pipa chini ya mfereji,
maana huku kwetu juu paa ni nusu ya kisima.

Wamezaliwa wanne humo.
Mkunga huja kwa bodaboda siku akipatikana;
siku asipopatikana, Mungu.
Wa pili alizaliwa mvua ikinyesha vyumba vyote
isipokuwa hicho.

"Saini hapa. Kila mgeni wa serikali anasaini."
Nikafungua daftari. Walionitangulia ni watano,
na wa pili, kwa wino wa bluu uliofifia,
ana herufi zenye mkia ninaoujua, maana ni wangu:
*Imepokelewa. Itafanyiwa kazi.*
Nilikuwa nimesahau kwamba nimewahi kufika Chitandu.
Yeye hakusahau. Alinitazama
kama mtu anayesubiri chenji.

Kalamu niliishika muda.
Nikaandika tarehe. Nikaandika jina, lote, na la baba.
Kwenye safu ya maoni nikaandika: bati tisini.

Akasoma, midomo ikicheza.
Akafunga daftari, akainuka kumfukuza mbuzi.